Tupake Nini Banda la Kuku?

(Mazungumzo na vikundi vya wafugaji wa Kitengela na Kajiado)

Leo hatukuja na habari za mikopo. Tumekuja kuungama jambo moja, halafu tuzungumze juu ya mbao.

Mtakumbuka kwamba sisi wenyewe ndio tuliowaambia mpake banda oili chafu. Tulisema hivyo kwa sababu kila mtu husema hivyo. Mchwa wa huku hawana huruma: unasimika nguzo mwezi wa nne, Krismasi ikifika unaing'oa kwa mkono mmoja. Na oili chafu ni rahisi kupata, fundi wa gereji atakupa hata bure ukimsalimu vizuri. Basi mkapaka. Mkapaka nguzo, mkapaka kuta, na kwa bidii yenu mkapaka hata masanduku ya kutagia ili utitiri wafe. Utitiri kweli walipungua. Lakini mama mmoja hapa aliweka mayai 12 chini ya koo wake, akapata vifaranga 2. Mwenzake hakupata hata kimoja. Wengine wakasema jogoo ni mzee, wengine wakasema ni baridi ya Julai. Vifaranga wale walikuwa ada ya shule ya muhula wa tatu, jameni, si mchezo.

Tulipomwinua yule koo tuliona manyoya ya tumbo yamenata, meusi, na mayai yana madoa. Jibu lilikuwa pale.

Ganda la yai si kama chupa. Lina vitundu vidogo sana ambavyo kifaranga hupatia hewa akiwa ndani. Oili ikigusa ganda huziba vitundu hivyo, na sumu yake hupenya. Wataalamu waliochunguza ndege wa majini baada ya mafuta kumwagika baharini waligundua kwamba kiasi kidogo mno, hata tone, kinaweza kuua kilicho ndani ya yai. Na oili iliyokwisha tumika ni mbaya kuliko mpya, kwa kuwa imebeba masizi ya injini na chembe za vyuma vilivyosagika.

Tena ndege hapumui kama sisi. Ana mifuko ya hewa mwilini pamoja na mapafu, na hewa mbaya humwingia upesi. Ndiyo maana wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka mgodini na ndege mdogo ndani ya kizimba, mpaka mwaka 1986: ndege akilegea, watu wanatoka mbio. Kwa hiyo ukisikia harufu ya rangi au tina ndani ya banda, ujue kuku ameisikia kabla yako.

Sasa, mbao zenyewe. Hapa tuwe waangalifu, maana wengi wetu hujenga kwa mabaki. Ile nguzo ya kijani kijani, kama zile za stima, mara nyingi imetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Nguzo ikisimama nje kama ua, sawa, lakini msiipasue kutengeneza kiota au kitulio, wala msipikie vipande vyake, kwani moshi na majivu yake yana sumu. Ile nyeusi yenye harufu ya lami imetiwa kreosoti. Hiyo iwe mbali kabisa na kuku. Maranda ya kutandika sakafuni nayo tuulize yametoka mbao gani. Uingereza, miaka ya 1960 na 1970, wafugaji walitandika maranda ya mbao zenye dawa ya ukungu, na nyama ya kuku ikatoka na ladha ya uvundo, haiuziki.

Rangi kuukuu ni jambo lingine. Mnakumbuka yale mabanda ya kware ya mwaka 2014, biashara ilipoanguka kila mtu akauza mbao zake? Bado tunazikuta. Rangi inayobanduka, hasa ya manjano au nyekundu, huenda ina risasi. Kuku hudonoa kila kitu, na risasi aliyoila huingia kwenye yai, na yai analila mtoto.

Mzee mmoja alituuliza kwa nini tusirudi kwa mtarakwa, ambao mchwa hawautaki. Ni kweli, mzee wangu, lakini mtarakwa siku hizi haukatwi ovyo. Mwenye nguzo kuukuu na azitumie.

Tunachopendekeza ni chokaa. Chukueni ile iliyozimwa, ya unga, si mbichi inayochemka ikiguswa na maji. Lowekeni usiku kucha, tieni chumvi kidogo ili ishike, ikorogwe iwe kama uji mwepesi. Jua la Kajiado hupasua mbao, na utitiri hulala ndani ya nyufa mchana, usiku wanatoka kunyonya damu. Basi sukumeni chokaa ndani ya nyufa kwa brashi. Funikeni mikono, lindeni macho, kuku wakae nje mpaka ikauke. Mvua ikiiosha, pakeni tena. Ni kazi ya kurudia, hatuwafichi.

Anayetaka mbao zake zionekane anaweza kupaka nje mafuta ya kitani, yale yasiyochanganywa na vikausho. Hukawia kukauka, siku nyingi. Na matambara mliyopakia msiyarundike: huweza kushika moto yenyewe. Yaanikeni yakiwa yametandazwa.

Kwa mchwa, mguu wa nguzo usiguse udongo. Huku Kitengela udongo mweusi hufura na kupasuka, kwa hiyo jengeni msingi wa zege na chuma kitokeze juu, nguzo ifungwe hapo. Ni gharama, ndiyo. Vikundi vinaweza kununua saruji pamoja.

Masanduku ya kutagia yaliyopakwa oili yatolewe wiki hii. Hayasafishiki. Jumanne tutapita na mbao mpya kwa wale wawili waliopoteza mayai, na mwenye nguzo asiyoijua alete kipande tukitazame.