Waya Ukaguliwe Kabla ya Kufichwa

 Leo tuongee juu ya nyaya zilizomo ndani ya nyumba zetu, hapa Lubumbashi na kwenye njia ya Kasenga mpaka Kasomeno.

Kuna mtindo umeingia mjini. Televisheni inabandikwa ukutani, na mwenye nyumba anataka ionekane kama inaelea, pasipo waya hata mmoja. Fundi anaitwa, anaambiwa: "Papa, hizi nyaya zote nisizione tena." Fundi naye anatii. Anazipitisha nyuma ya kabati, chini ya kapeti, juu ya dari kwenye njia za panya. Jumapili wageni wanakuja, wanasifu sebule. Sebule nzuri naipenda mimi pia. Ninachogombana nacho ni mpangilio wa kazi: tunaficha kwanza, na kukagua hatukagui kabisa.

Kila waya unaopitisha umeme hupata joto. Ukiwa wazi, joto hilo linapotea hewani na hakuna anayelihisi. Ukiwa chini ya kapeti, joto halina pa kwenda. Sasa tazama hesabu. Ralonji ya ampea 10, kwa umeme wetu wa volti 220, inabeba wati 2,200, haizidi hapo. Birika la umeme peke yake linaweza kula wati 2,000. Ukichomeka na pasi kwenye ralonji hiyohiyo, umeshavuka mpaka. Na sisi tuna tabia tuliyofundishwa na delestaji: umeme ukirudi saa tatu usiku, nyumba nzima inaamka. Mmoja anachemsha maji, mwingine anapiga pasi sare za watoto, mama anawasha jiko la umeme ili aokoe makala ya mbabula, simu zote zinachomekwa. Mzigo wa siku nzima unapita ndani ya waya mmoja kwa saa mbili. Waya huohuo ndio tuliouficha.

Halafu kuna viungo. Waya umekuwa mfupi, fundi anasokota mwingine kwa vidole, anazungusha skochi, anaendelea na kazi. Kiungo kilicholegea kinachemka kuliko waya mzima. Kikiwa mbele ya macho, utaona skochi imekuwa nyeusi, au utasikia harufu ya plastiki inayoungua, nawe utazima. Kikiwa nyuma ya kabati la mbao, wa kwanza kupata habari ni kabati.

Na wale wanaopenda unadhifu: ralonji ya mita kumi, inahitajika mita tatu, zilizobaki zinakunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba nyuma ya televisheni. Kwa redio na taa ya meza, hakuna neno. Kwa jiko la umeme, mikunjo ile inapashana joto yenyewe kwa yenyewe mpaka plastiki inalainika. Nunua ralonji fupi, mama. Na bei yake ni ndogo.

Nikitaja kununua, nafika kwenye jambo linaloniuma kama mtu wa Katanga. Shaba ya hapa, iliyofanya mji huu uzaliwe mwaka 1910, inapanda malori na kutokea mpaka wa Kasumbalesa usiku na mchana. Kisha sokoni kwetu tunauziwa waya wa aluminiamu uliopakwa ngozi nyembamba ya shaba, unang'aa vizuri sana. Aluminiamu inapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba, kwa hiyo waya wenye unene uleule unabeba mzigo mdogo zaidi na unachoka mapema kwenye skrubu. Kuutambua si kazi ngumu. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, umedanganywa. Uinue pia mkononi. Robota la shaba ya kweli ni zito. Kwa taa tumia milimita za mraba 1.5, kwa prizi 2.5, na pima unene kwa macho yako, maana maandishi ya juu ya plastiki yanaandikwa na yeyote mwenye mashine.

Wandugu wa Kasomeno wana habari yao wenyewe. Ng'ambo ya mto Luapula ni Zambia, na vyombo vingi vinavuka mto vikiwa na fishi yenye meno matatu mapana ya mraba, urithi wa Waingereza. Prizi zetu ni za matundu ya mviringo. Adapta haipatikani, basi kisu kinatoka, fishi inakatwa, inafungwa ya meno mawili. Ndani ya ile fishi iliyotupwa kulikuwa na fyuzi ndogo inayolinda waya wa chombo. Imetupwa nayo. Waya wa tatu, wa ardhi, nao unakunjwa na kusahauliwa. Rangi pia zinachanganya: kwa desturi ya zamani ya Kiingereza, waya mweusi ni nutro, kwa mafundi wetu waliojifunza kwa Kifaransa, mweusi mara nyingi ni fazi, yaani ule unaoua. Ukifungua chombo cha zamani kilichotoka ng'ambo, usiamini rangi, amini testa.

Huko pia paneli za jua ni nyingi, kwa sababu nguzo hazifiki kila mahali. (Mstari mkubwa wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, unapita juu ya vijiji vingi tangu mwanzo wa miaka ya 1980 bila kuviachia hata taa moja. Huo waya hakuna aliyewahi kuuficha.) Sasa umeme wa betri ya volti 12 hautaki safari ndefu. Chukua mzigo wa wati 100: kwa volti 220 ni chini ya nusu ya ampea, lakini kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 8. Ukiupitisha kwa waya wa 1.5 kwa urefu wa mita kumi, karibu volti 2 zinapotea njiani, na taa inafifia. Kisha mtu anauzungusha waya huohuo kwenye pembe zote za nyumba ili usionekane, mita kumi zinakuwa ishirini, na anaanza kulaumu betri. Kwa jua, pita njia fupi hata kama inaonekana, tumia waya wa 4 au zaidi, na weka fyuzi karibu kabisa na betri. Betri ikigusana nyaya zake inatoa moto wa kuchomelea vyuma.

Je, tusifiche kabisa? Tufiche, ila kwa kitu kinachofunguka. Ile mifereji ya plastiki yenye kifuniko, ambayo mafundi wanaiita guloti, inatosha nyumba nyingi: unaigonga juu ya ukuta, waya unaingia, kesho ukiwa na shaka unabonyeza kifuniko na kutazama. Kama ni lazima uingie ndani ya ukuta, matofali yetu ya kuchoma ya udongo wa kichuguu yanachimbika bila taabu, lakini waya uvae mpira wake, yaani bomba la plastiki, upande au ushuke wima kutoka kwenye prizi, usikate kona ya mshazari. Mwaka kesho mtu atapigilia msumari wa kutundika picha, na msumari hauulizi. Usijaze mpira, theluthi moja ya nafasi yake ikishikwa na nyaya, inatosha. Viungo vyote viwe ndani ya visanduku, na visanduku visipigwe plasta.

Fundi wangu mmoja aliniuliza: kwa nini nyumba nyingi za Lubumbashi zina nyaya zilizotundikwa kwa misumari kama kamba za kuanikia nguo? Akajibu mwenyewe: kwa sababu ni za mpangaji. Nani atachimba ukuta wa mtu mwingine, aache ndani yake shaba aliyoinunua? Akihama, anang'oa waya wake, anaondoka nao. Mwenye nyumba naye anasema umeme si kazi yake. Hivyo ukuta unabaki na matundu na waya wa kubahatisha, mpangaji baada ya mpangaji.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ambayo mpangaji anaiweka kwa nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, ingawa wanaodai sita tunawajua. Basi, wapangaji, kabla ya kuhesabu hela hizo, ombeni kisanduku cha disjonkta kifunguliwe mbele yenu, na hali ya nyaya iandikwe kwenye karatasi ileile ya garanti. Waya mtakaouweka ukutani kwa makubaliano, bei yake ikatwe kwenye kodi, nao ukae hapo. Mwenye nyumba akikataa kufungua kisanduku, muulizeni anachokifunika ni nini, hela zikiwa bado mfukoni mwenu.