Vichaka vya Kerio Si Ardhi Tupu

Nakala ya mazungumzo kwa vilabu vya mazingira vya shule za Eldoret



Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda matatu hadi Iten, kisha ukateremka Bonde la Kerio, joto huzidi, mvua hupungua, na mashamba ya mahindi huachia nafasi migunga, mikwaju na vichaka vya miiba.

Wapitao husema, "Huku hakuna msitu." Wanakosea. Majani ya mgunga ni madogo ili mti usipoteze maji mengi. Bakteria waishio kwenye mizizi yake hurutubisha udongo. Maua hulisha nyuki, na maganda ya mbegu hulisha mbuzi nyasi zinapokwisha. Ndovu wa Hifadhi ya Rimoi pia hutegemea vichaka hivyo.

Lakini mgunga huohuo hutoa makaa mazuri, na wanunuzi wako mijini. Gunia la makaa huisha kwa muda mfupi. Mti huchukua miaka mingi kukua. Ukikatwa mtelemkoni, mvua hubeba udongo.

Serikali inalenga kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Ni kazi njema, ila kila mti una mahali pake, na uliopo tayari haugharimu mche.

Muhula huu, waulizeni wazee majina na matumizi ya miti mitano ya asili. Anayeujua mti kwa jina hafanyi haraka kuukata.