Breki za Pikipiki Iliyokwisha Tumika

Yeyote wa Kipushi anayeazimia kununua pikipiki iliyokwisha tumika, kabla ya kuishika njia ya Lubumbashi, yapata kilomita 30, na abane mkono wa breki ya mbele kisha aisukume. Gurudumu likizunguka, kuna ila. Mkono ukibonyea, kisha ukakaza baada ya kubanwa mara kadhaa, aghalabu hewa imeingia katika mafuta ya breki. Ya nyuma, iliyo ya ngoma, ndiyo yenye hila: muuzaji (si wote, alhamdulillahi) hukaza nati ya fimbo ili kanyagio lionekane zima, ilhali viatu vya breki vimelika; basi likanyage, utazame mshale wa kipimo, kama upo, usiwe umepita alama. Viatu vilivyolowa grisi vibadilishwe.