Kampuni ya Maji ni ya Nani?

Hebu tuulizane: kampuni ya maji ni ya nani? Wengi wetu husema ni ya serikali, tukimaanisha si yetu. Kumbe sivyo. Baada ya Sheria ya Maji ya 2002 mabaraza ya miji yaliunda kampuni zao. Ile ya Nairobi iliundwa 2003, mwenye mali akiwa baraza la jiji. Tangu 2013 ziko chini ya kaunti.

Sasa mbona sisi wa vioskini twanunua mtungi wa lita 20 kwa bei ya kutuumiza kuliko mwenye mfereji nyumbani? Tena zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosukumwa nchini hayalipiwi. Mengine yavuja, mengine yaibwa (na tusijifanye, wezi wengine twawajua). Hasara hiyo twailipa sisi.

Bei ikitaka kupanda, sheria yasema wananchi waulizwe kwanza. Mkutano uliopita tulikuwa watu kumi na wawili, viti vimejaa hewa. Ule ujao twende na swali moja: kioski chauziwa maji kwa shilingi ngapi, na sisi twauziwa ngapi?