Kwa Nini Mji wa Nairobi Unazidi Kuenea

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tuseme nanyi juu ya jambo linalowagusa wanachama wengi: kuenea kwa mji wa Nairobi mpaka mashambani. Baadhi yetu tumekwisha kununua viwanja huko, na wengine wanaweka akiba ili wanunue. Yafaa basi tujue ni nini kinachotusukuma.

Hesabu za watu zaonyesha wazi. Kati ya mwaka 2009 na 2019, Nairobi iliongezeka kwa watu 40 hivi kwa kila 100, Kiambu kwa 49, na Kajiado kwa karibu 63. Ukingo wa mji unakua upesi kuliko mji wenyewe.

Sababu ya kwanza ni ya zamani. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Chini ya utawala wa kikoloni Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa muda mjini. Alibeba kipande, akalipwa mshahara wa mtu mmoja, na jamaa yake ilitazamiwa kubaki shambani. Nyumba za kutosha jamaa za wafanyakazi hazikujengwa. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu walikuja na wake zao na watoto wao, na ujenzi haukuweza kulingana na wingi wao. Tena, kwa desturi zetu, mtu asiye na ardhi huonekana kuwa hana kwao. Mpangaji aweza kukaa mjini miaka 30, na bado moyo wake usitulie mpaka apate kiwanja chenye hati.

Sababu ya pili ni kodi ya nyumba. Karibu na mahali pa kazi ardhi ni ghali, na kodi hupanda kabla ya mshahara. Mwenye kipato kidogo huona ni afadhali kuhamia Ruiru, Juja, Rongai au Kitengela, ambako fedha zake zina nguvu zaidi.

Sababu ya tatu ni hali ya wenye mashamba. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Huko Kiambu wengi waliona kwamba viwanja vyaleta fedha kuliko mibuni. Mashamba mengine yamegawanywa kwa warithi hata hayatoshi kulimwa. Kajiado nako, ranchi za vikundi zilianza kukatwa, na sehemu nyingi zikauzwa.

Sababu ya nne ni barabara. Barabara ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, mtu wa Juja aliweza kufanya kazi Nairobi na kurudi kwake kila siku. Pale matatu zinapofika, nyumba hufuata.

Hakuna ubaya katika kutaka nyumba yako mwenyewe. Lakini tazameni jinsi ardhi inavyokatwa. Kiwanja cha kawaida ni futi 50 kwa 100, yaani futi 5,000 za mraba. Ekari moja ina futi 43,560. Ikikatwa viwanja vinane, hubaki futi 3,560 tu, nazo ni za njia. Shule itajengwa wapi? Maji ya mvua yatapita wapi? Kila muuzaji hukata shamba lake peke yake, na hakuna anayeuliza jirani yake amekata vipi.

Rahisi ni ghali. Fedha tulizookoa katika bei ya kiwanja twazilipa baadaye kidogo kidogo: kwa gari la maji, kwa kuvuta choo kilichojaa, kwa nauli ya kila siku. Mzazi huondoka kabla ya alfajiri, akarudi watoto wamelala. Na visima vikichimbwa karibu na mashimo ya maji machafu, afya ya watoto hao imo hatarini.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa wanachama. Kwanza, mtu asitoe fedha kabla ya kuitazama hati katika ofisi ya ardhi na kuhakikisha kwamba kaunti imetoa kibali cha kukata shamba hilo. Pili, tununue kwa pamoja, ili tuweze kudai njia pana, na kutenga mahali pa shule na zahanati kabla kiwanja cha kwanza hakijagawiwa. Tatu, tuzidai serikali zetu nyumba za kupanga zenye kodi ya haki karibu na kazi, kwa maana si kila mtu ataweza kununua, wala si ardhi yote ifaayo kulimwa iishe chini ya mawe.

Mji utaendelea kukua, tupende tusipende. Lililo mikononi mwetu ni kama watoto wetu watarithi makao, au watarithi hati tu za mahali pasipo maji wala njia.