"Huna Kitu" Haitoshi: Kumtoa Hofu Mgonjwa wa Maumivu ya Kifua Kabla ya Kumruhusu



Saa nane za usiku aliingia dereva wa daladala, umri miaka 34, mkono kifuani. ECG ilikuwa safi, presha nzuri, troponini tulipima mara mbili na zote zilikuwa chini. Nikamwambia, "Kaka, huna kitu, nenda ukapumzike." Akashukuru, akaondoka. Siku nne baadaye alikuwa amerudi. Juma lililofuata akaenda hospitali nyingine, akapimwa yale yale, akalipa upya. Aliporudi kwetu mara ya tatu, muuguzi mmoja wa makamo alivuta kiti, akakaa, akamuuliza: "Mwanangu, wewe mwenyewe unadhani ni nini?" Kijana akainama. Kaka yake, baba mmoja mama mmoja, alikuwa ameanguka na kufa mwezi mmoja kabla, akiwa na miaka 38, baada ya kulalamika kifua siku mbili.

Kumbe hata hesabu yetu ya vihatarishi ilikuwa na kasoro. Ugonjwa wa moyo kwa ndugu wa damu katika umri mdogo ni kihatarishi, na sisi tuliandika kwamba hana hata kimoja. Hatujui kwa hakika kilichomuua kaka yake, lakini tulipaswa kujua kwamba amekufa.

Tangu mwaka 2010, Muhimbili ilipofungua idara yake ya magonjwa ya dharura, huduma hii imepiga hatua kubwa nchini. Tumejifunza kumwahi mgonjwa: ECG ndani ya dakika 10, mshipa, oksijeni kwa anayehitaji. Mazungumzo ya kumruhusu bado tunayafanya tumesimama, jicho likiwa kitanda cha pili.

Tulitazame hili neno "huna kitu". Mgonjwa anaumwa. Ukimwambia hana kitu, anasikia mojawapo ya mambo mawili: kwamba anasingizia, au kwamba kitu kipo ila nyinyi hamkukiona. Yote mawili yanamrudisha. "Ni wasiwasi tu" ni baya zaidi, na ubaya wote umo kwenye hiyo "tu". Kiswahili chetu nacho kina mtego wake: moyo ndio unaosukuma damu, na moyo huo huo ndio unaovunjika, unaoingia hofu na unaokata tamaa. Anayesema "daktari, moyo hautulii" huenda anaeleza mapigo, msiba, au vyote viwili. Usikimbilie kutafsiri kabla ya kuuliza.

Wengi wetu tunaamini kipimo kikitoka safi, hofu nayo itaondoka. Haiwi hivyo. Mwaka 2013 Rolfe na Burton walikusanya majaribio mbalimbali kuhusu wagonjwa ambao uwezekano wao wa kuwa na ugonjwa mkubwa ulikuwa mdogo, wakaona vipimo havipunguzi sana wasiwasi wala dalili zao. Kabla yao, mwaka 2007, Petrie na wenzake wa Auckland, New Zealand, walishughulikia watu wenye maumivu ya kifua waliokuwa wakisubiri kupimwa moyo kwa mazoezi. Walioelezwa mapema maana ya majibu mazuri, na kwamba kifua huuma kwa sababu nyingine nyingi, walitulia zaidi ya wenzao, na mwezi mmoja baadaye wachache zaidi kati yao walikuwa bado wanalalamika maumivu. Ukisubiri hadi majibu yatoke, hofu imeshajenga nyumba.

Hata hivyo, naomba nisieleweke vibaya. Tafiti zilizofanyika Moshi zimeonyesha kwamba kwetu mishtuko ya moyo hupita bila kutambuliwa. Kwa hiyo kumtuliza mtu kabla ya kumpima ni hatari kuliko kumtisha. Alama za HEART, zilizobuniwa Uholanzi mwaka 2008, zinatusaidia: historia, ECG, umri, vihatarishi na troponini, kila kimoja 0 hadi 2. Mwenye jumla ya 0 hadi 3 ana uwezekano wa chini ya 2 kati ya 100 wa kupata tatizo kubwa la moyo ndani ya wiki sita. Troponini huchukua saa kadhaa kupanda. Maumivu yaliyoanza saa moja iliyopita yanadai kipimo cha pili. Na kituo kisicho na troponini kabisa kisitoe ahadi kisiyoweza kuitimiza. Kitoe rufaa.

Alama zikiwa chini, sema kwa maneno yanayobebeka hadi nyumbani. Mimi siku hizi husema hivi: "Mzee, tumetafuta mshtuko wa moyo, hatukuuona. Kati ya watu 100 wenye majibu kama yako, 98 au zaidi hawatapata tatizo kubwa la moyo wiki sita hizi. Maumivu yako ni ya kweli, na nadhani yanatoka hapa." Kisha nataja: kiungulia, msuli, au hofu iliyobana pumzi. Sisemi "hakika", maana si hakika. Namweleza na la kumrudisha haraka: maumivu yasiyoachia kwa dakika 15, yanayopanda taya au mkono, kijasho chembamba, kukosa pumzi, kuzimia. Hayo nayarudia mbele ya ndugu aliyemleta, kwa sababu usiku maumivu yakirudi, huyo ndiye atakayeamua kuita bajaji au kumpa maji anywe.

Dereva wetu alikuwa anakula chipsi mayai saa sita za usiku na kulala papo hapo. Alipewa dawa ya asidi na tarehe ya kliniki kupimwa mafuta kwenye damu, kwa ajili ya yule kaka. Mazungumzo hayo yalichukua dakika saba. Mahudhurio yake matatu, ukijumlisha, yalikula zaidi ya saa kumi za vitanda.

Ombi langu kwa wakuu wa idara mlioko hapa ni dogo: kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa wa kifua ongezeni mstari mmoja, "Mgonjwa anahofia nini?", na mhakikishe umejazwa kabla hajafungwa waya za ECG.