Enjini Iliyoharibika: Itengenezwe au Ibadilishwe?

(Hotuba ya fundi wa motokaa mbele ya mkutano wa wakulima na wenye magari ya mizigo)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo linalowasumbua wengi. Mtu ana motokaa kuukuu, bodi yake ingali nzima, lakini enjini imeharibika. Je, aitengeneze enjini ile ile, au aitoe atie nyingine? Nitaanza na kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa maana kosa hilo lilimpotezea jirani yangu ng'ombe wawili wa maziwa.

Jirani yangu ana pikapu ya Peugeot 504. Wazee mlioko hapa mwaijua sana aina hiyo. Ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwa miaka mingi ilichukua abiria wa safari za mbali katika nchi yetu. Yeye alikuwa akipeleka kabichi kutoka Naivasha hadi soko la Wakulima, Nairobi. Asubuhi moja, akipanda mlima wa Mai Mahiu na mzigo mzito, aliona mshale wa joto umeingia penye rangi nyekundu. Aliuona, lakini wanunuzi walikuwa wakimngoja, basi akaendelea. Kabla ya kufika juu, enjini ilitoa mvuke mwingi, ikazimika.

Gari lilivutwa mpaka kwangu. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikaona oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji. Sikufungua hata boliti moja. Nilimwambia, "Mzee, enjini hii imekwisha, tafuta nyingine." Aliniamini kwa sababu mimi ni fundi. Akauza ng'ombe wawili, akanunua enjini iliyokwisha kutumika, tukaitia. Ile ya kwanza akaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Haukupita mwezi, enjini ya pili nayo ikachemka katika mlima ule ule.

Hapo ndipo nilipotafuta chanzo, jambo ambalo lilinipasa kulifanya tangu siku ya kwanza. Katika enjini nyingi za 504, feni haishikani na enjini wakati wote. Hushikwa na sumaku ya umeme joto linapopanda, na umeme huo hupita katika kipande kidogo cha kaboni. Kipande hicho kilikuwa kimelika, kwa hiyo feni haikushika. Tena kifuniko cha rejeta kilikuwa kibovu. Watu hudharau kifuniko hicho. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 94 hivi, na Limuru mapema zaidi. Kifuniko kizima huyabana maji yasichemke upesi; kibovu huyaachilia. Hivyo vitu viwili vya bei ndogo viliiharibu enjini moja, na karibu viiharibu ya pili.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama enjini itengenezwe au ibadilishwe, yafaa kuuliza kwa nini imeharibika. Asiyejua sababu atapeleka ugonjwa ule ule katika enjini mpya.

Neno langu la pili ni kwamba enjini haihukumiwi kabla ya kupimwa. Oili yenye maji yaweza kuwa ni gasketi tu iliyoungua. Yaweza pia kuwa ni silinda hedi iliyopinda au kupasuka, au bloku yenyewe iliyopasuka. Gharama za mambo hayo hazilingani hata kidogo. Fundi aanze kwa kupima mgandamizo wa kila silinda. Zikionekana silinda mbili zilizo karibu karibu hazina nguvu, na nyingine ni nzima, mara nyingi gasketi imeungua kati ya hizo mbili. Kisha hedi ifunguliwe na kupimwa kwa rula iliyonyoka na vile vijembe vyembamba vya kupimia nafasi. Hedi ya alumini hupinda upesi kwa joto, na katika enjini nyingi upindaji unaoruhusiwa hauzidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikizidi hapo, hupelekwa kwa mwenye mashine ikasawazishwe, maadamu haijapunguzwa mno zamani. Fundi asiye na vipimo hivi anabahatisha tu, kama nilivyobahatisha mimi.

Enjini ya petroli ya 504 ina faida moja: slivu zake, yaani mapipa ambamo pistoni hupanda na kushuka, huchomolewa. Zikilika, waweza kununua slivu na pistoni mpya bila kuchonga bloku. Lakini angalieni sana: hedi ikiisha kuondolewa, slivu zibanwe kabla ya kuzungusha enjini. Zisipobanwa zitainuka, gasketi za chini zitaharibika, na maji yataingia katika oili hata kama hedi ni mpya. Nimeona enjini nzuri zikilaumiwa kwa kosa hilo la fundi.

Sasa, wakati wa kubadilisha ni upi? Ni pale bloku inapopasuka, au konrodi inapovunjika na kutoboa ubavu wa enjini, au krankshafti inapokuwa imekwisha kuchongwa mpaka kipimo cha mwisho, au vipuri vinapokuwa havipatikani tena. Hapo usipoteze fedha, tafuta nyingine. Lakini jua kwamba enjini iliyotumika huijui ilikotoka wala ilivyotunzwa. Usiinunue ikiwa imelala sakafuni na kupakwa rangi ya fedha. Taka uisikie ikiunguruma, ipimwe mgandamizo mbele yako, na uchungulie chini ya kifuniko cha oili kama kuna matope meusi. Muuzaji akuandikie kwa siku ngapi atairudisha ikiwa mbovu.

Wengine hupenda kutia enjini ya kampuni nyingine kwa sababu ni rahisi kununua. Yawezekana, lakini enjini hiyo huja na ndugu zake: vishikio, giaboksi, shafti, nyaya, hata rejeta. Mara nyingi ndugu hao hula fedha kuliko enjini yenyewe.

Liko pia jambo la sheria. Namba ya enjini imeandikwa katika kitabu cha gari, na mwenye gari akiibadilisha sharti aipashe habari Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama ili namba mpya iandikwe. Asipofanya hivyo atapata taabu atakapotaka kuuza gari, au polisi watakapolikagua. Basi taka risiti yenye namba hiyo, pamoja na karatasi za kuingiza enjini nchini. Enjini isiyo na karatasi huenda ni mali ya wizi.

Mkishika kalamu kupiga hesabu, msiandike bei ya vipuri peke yake. Tuseme gari lako hukuletea shilingi 3,000 kwa siku baada ya kutoa petroli. Likikaa kwa fundi siku 14, umepoteza shilingi 42,000 ambazo hakuna fundi atakayekuandikia katika risiti. Kwa mwenye kuishi kwa gari, enjini iliyo ghali kidogo lakini inayotiwa kwa siku mbili yaweza kuwa nafuu. Kwa mwenye kwenda kanisani na sokoni tu, kungoja si neno.

Kuhusu jirani yangu: enjini ya pili tuliiwahi. Iliungua gasketi tu, na hedi ilisawazishwa. Pikapu hiyo iko nje chini ya mti, naye ameniruhusu nifungue boneti. Wanaotaka kuiona feni na kile kipande cha kaboni kilicholika, ambacho bado ninacho mfukoni, tutoke pamoja sasa hivi.